CD4 nyingi, CD4 chache: namba hii inatabiri nini kwa anayeishi na VVU?

Ukikaa na watu wanaohudhuria kliniki ya tiba na matunzo, yaani CTC, utasikia neno moja likijirudia: CD4, au kama wengi wanavyolitamka, sidifoo. Mmoja atakuambia zake ziko mia sita, mwingine atakuambia zake ziliwahi kushuka mpaka themanini. Kwa miaka mingi namba hii ndiyo iliyoamua nani apewe dawa na nani aambiwe asubiri. Leo haina kazi hiyo tena nchini Tanzania, lakini mazoea ya zamani hayajaisha. Bado wapo wanaopimwa na kukutwa na VVU, kisha wakajisemea: "Nina nguvu zangu, nakwenda baharini kila siku. Nitaanza dawa CD4 zikishuka."

Kwa anayeishi kisiwani kama Songo Songo, wilayani Kilwa mkoani Lindi, kusubiri huko kunaweza kumgharimu uhai. Gesi ya kisiwa hiki imekuwa ikiendesha mitambo ya umeme Dar es Salaam tangu mwaka 2004. Lakini mgonjwa anayezidiwa usiku, wakati kusi limechachamaa, bado anahitaji chombo, mafuta na bahari tulivu ili avuke kwenda Kilwa Kivinje, iliko Hospitali ya Kinyonga. Katika makala haya tunaeleza namba ya CD4 ni nini, watafiti walijuaje kwamba inatabiri mwendo wa ugonjwa, na kwa nini yeyote mwenye VVU hapaswi kuisubiri ishuke.

CD4 ni nini hasa?

Katika damu yetu mna seli nyekundu zinazobeba hewa na seli nyeupe zinazoukinga mwili na magonjwa. Baadhi ya seli nyeupe zina alama kwenye ukuta wake wa nje inayoitwa CD4. Kazi kubwa ya seli hizi ni kuamrisha. Zikigundua kijidudu kimeingia, huziita seli nyingine zije kupigana, na zisipotoa amri, askari wengine wa mwili hukosa mwelekeo.

Mwaka 1984 watafiti walionesha kwamba VVU huitumia alama hiyo kama mlango. Kirusi hujishika hapo, huingia ndani ya seli, hujizalisha humo, na baadaye seli hiyo hufa. Kwa hiyo VVU humshambulia yule yule anayetakiwa kuongoza mapigano. CD4 zikipungua, magonjwa ambayo mwili wenye nguvu ungeyazuia hupata njia. Hayo ndiyo tunayoyaita magonjwa nyemelezi.

Namba zinasomwaje?

Mtu akiambiwa "CD4 zako ni 400", maana yake ni kwamba katika tone dogo mno la damu yake, la ukubwa wa milimita moja ya ujazo, zimehesabiwa seli 400 za aina hiyo. Mtu mzima asiye na VVU kwa kawaida huwa na kati ya 500 na 1,500.

VVU vikiingia mwilini, CD4 hushuka kwa kasi wiki za mwanzo, kisha hupanda tena kidogo. Baada ya hapo, kama mtu hatumii dawa, huendelea kushuka polepole, kwa wastani wa seli 50 hadi 100 kila mwaka. Watu hawafanani, hata hivyo. Mmoja huishiwa kinga ndani ya miaka michache, mwingine huchukua zaidi ya miaka kumi. Muda wote huo anaweza asihisi chochote.

Kwa mtu mzima, viwango husomwa hivi:

– Zaidi ya 500: kinga bado ina nguvu. Hata hivyo virusi vinaendelea kufanya kazi yake, na mtu anaweza kuambukiza wengine kama hatumii dawa.

– Kati ya 200 na 500: kinga imeanza kulegea. Mkanda wa jeshi na utando mweupe mdomoni huanza kuonekana. Kifua kikuu huweza kumpata mtu katika kiwango chochote, lakini hatari yake huongezeka kadiri namba inavyoshuka.

– Chini ya 200: ugonjwa umefika hatua ya juu. Hapa huingia nimonia kali na fangasi wanaoshuka kutoka mdomoni mpaka kwenye njia ya chakula.

– Chini ya 100: mtu yumo hatarini kupata homa ya uti wa mgongo inayoletwa na fangasi, na maambukizi ya ubongo.

– Chini ya 50: huongezeka hatari ya maambukizi ya macho yanayoweza kuleta upofu.

Namba hizi si za watoto wadogo. Mtoto kwa asili ana CD4 nyingi kuliko mtu mzima, hivyo 500 ya mtoto wa mwaka mmoja si habari njema. Shirika la Afya Duniani linamhesabu kila mtoto wa chini ya miaka mitano mwenye VVU ambaye bado hajaanza dawa kuwa yumo katika hatua ya juu ya ugonjwa, bila kujali namba.

Walijuaje kwamba namba hii inatabiri?

Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI waliripotiwa Marekani mwaka 1981, na hapa Tanzania mwaka 1983 mkoani Kagera. Siku hizo hakuna aliyeweza kumwambia mgonjwa ana muda gani. Ili kulijua hilo, ilibidi kuwafuatilia watu wengi kwa miaka mingi.

Mwaka 1984 ulianza utafiti mkubwa wa wanaume katika miji minne ya Marekani: Baltimore, Chicago, Los Angeles na Pittsburgh. Walipimwa damu mara kwa mara, na matokeo ya zaidi ya wanaume 1,600 yalichapishwa mwaka 1997. Yalionesha kwamba CD4 zinatabiri, lakini zina mwenzake aliye na nguvu zaidi katika kutabiri mambo ya mbele, nacho ni wingi wa virusi kwenye damu. Katika kila watu 100 waliokuwa na virusi zaidi ya 30,000 kwa kila mililita ya damu, 80 walifikia UKIMWI ndani ya miaka sita. Kwa waliokuwa na virusi 500 au pungufu, walikuwa kama watu 5 tu katika 100.

Je, na huku kwetu? Jirani zetu wa Uganda walilijibu swali hilo vijijini. Katika eneo la Masaka, watafiti walianza mwishoni mwa miaka ya 1980 kuwafuatilia wanavijiji, wakiwemo walioambukizwa wakati utafiti ukiendelea. Wakati huo dawa za kufubaza virusi zilikuwa hazijawafikia. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2002 yalionesha kwamba nusu ya walioambukizwa walifikia UKIMWI ndani ya miaka 9.4. Muda huo haukutofautiana sana na ule wa nchi tajiri kabla ya kupatikana kwa dawa. Kwa maneno mengine, mkulima wa Masaka aliyeambukizwa leo angeweza kulima misimu tisa bila kujua kwamba kinga yake inaliwa.

Dar es Salaam nayo ina mchango wake. Kati ya mwaka 1995 na 1997 wajawazito 1,078 wenye VVU waliingizwa katika utafiti wa vitamini uliofanywa na Muhimbili pamoja na Chuo Kikuu cha Harvard. Waliopewa mchanganyiko wa vitamini B, C na E walikuwa na CD4 nyingi zaidi, na ugonjwa wao ulikwenda taratibu kuliko wa wasiopewa. Lakini ulikwenda taratibu tu, haukusimama. Na utafiti mwingine wa Dar es Salaam, uliotoka mwaka 2012, ulionesha kwamba kwa watu wanaotumia ARV dozi kubwa za vitamini hazikuwa na faida kuliko dozi ya kawaida. Lishe bora inausaidia mwili, ila haichukui nafasi ya dawa.

Mashua, maji na tundu

Tofauti ya CD4 na wingi wa virusi itaeleweka vizuri kwa anayejua chombo. Fikiria mashua inayovuja katikati ya mkondo wa Songo Songo. Nahodha ana mambo mawili ya kutazama. La kwanza ni maji yaliyokwisha kujaa ngamani: mashua imebakiwa na ubao kiasi gani juu ya bahari? Hiyo ndiyo CD4. Inakuambia hatari ya leo. La pili ni ukubwa wa tundu linaloingiza maji. Huo ndio wingi wa virusi. Unakuambia hatari ya kesho.

Mashua yenye ubao mwingi juu ya maji lakini yenye tundu kubwa itazama, ni suala la saa tu. Nahodha mwenye akili hasemi, "Maji bado yako kwenye kifundo cha mguu, nitaziba yakifika magotini." Anaziba sasa, wakati chombo bado kinaongozeka. ARV ndizo kalafati. Zikiziba tundu, mwili wenyewe huanza kuyafua maji, na CD4 hupanda miezi na miaka inayofuata. Lakini aliyechelewa mpaka maji yakafika shingoni, mara nyingi CD4 zake hazirudi zote.

Kwa nini zamani tuliambiwa tusubiri?

Mpango wa taifa wa kutoa ARV bure ulipoanza Tanzania mwaka 2004, dawa zilikuwa chache na baadhi yake zilikuwa na madhara makali. Ilibidi kuanza na waliokuwa hoi zaidi, wenye CD4 chini ya 200. Mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani lilipandisha kiwango hadi 350, na mwaka 2013 hadi 500.

Mwaka 2015 suala hilo lilimalizwa na utafiti mkubwa uliofanyika katika nchi 35, ukiwa na washiriki 4,685. Wote walikuwa na CD4 zaidi ya 500, yaani walikuwa wazima kwa kuwatazama. Nusu yao walianza dawa papo hapo, nusu nyingine walisubiri mpaka zishuke kufikia 350 au waanze kuumwa. Kati ya walioanza mapema, 42 walipatwa na ugonjwa mkubwa au kifo. Kati ya waliosubiri, walikuwa 96, zaidi ya mara mbili. Utafiti ulisimamishwa kabla ya wakati wake ili waliosubiri nao wapewe dawa.

Mwaka huo huo Shirika la Afya Duniani likaelekeza kila mwenye VVU aanze dawa bila kujali CD4. Tanzania ikaanza kutekeleza mwaka 2016. Kwa hiyo mtu akikuambia leo kwamba CD4 zako ni nyingi mno kuanza dawa, anakupa maelekezo yaliyopitwa na wakati.

Kisiwani hakuna mashine. Inakuwaje?

Wapo wanaohofia kwamba, kwa kuwa mashine ya kuhesabu CD4 iko mbali, basi na tiba haiwezi kuanza. Hofu hiyo haina msingi. Kati ya mwaka 2003 na 2008, watu 3,316 wa Uganda na Zimbabwe waliokuwa na CD4 chini ya 200 walianzishiwa ARV. Nusu walifuatiliwa kwa vipimo vya maabara, zikiwemo CD4, kila baada ya wiki 12. Nusu nyingine walifuatiliwa kwa kuchunguzwa na wahudumu bila majibu ya CD4. Baada ya miaka mitano, katika kila 100 waliopimwa mara kwa mara, 90 walikuwa hai. Kwa waliofuatiliwa bila majibu ya CD4, walikuwa 87. Vipimo vilisaidia, lakini kilichookoa maisha ya wengi ni dawa zenyewe.

Kipimo cha CD4 kina ugumu wake kwa watu wa visiwani: damu inapaswa kufika maabara bado inafaa, kwa kawaida ndani ya siku moja au mbili, na joto huiharibu. Kipimo cha wingi wa virusi kinaweza kusafiri vizuri zaidi, kwa sababu matone ya damu hukaushwa kwenye karatasi maalumu, nayo hustahimili safari ndefu. Kipo pia kifaa kidogo kinachotumia tone la damu la kidoleni na kisichohitaji umeme. Hakitoi namba kamili, bali kinaonesha kama CD4 ziko juu au chini ya 200. Hakijafika kila kituo, lakini si vibaya kuuliza.

Basi CD4 inapimwa ya nini siku hizi?

Inapimwa ili kumjua aliye hatarini sasa hivi. Hupimwa mtu anapoanza dawa, anaporudi baada ya kuziacha, au anapoumwa huku virusi havijafubazwa. Akikutwa chini ya 200, wahudumu hawaishii kwenye ARV. Humtafutia kifua kikuu, ikiwemo kwa kipimo cha mkojo, hupima damu yake kuona kama kuna fangasi wa homa ya uti wa mgongo, humpa dawa ya kotrimoksazoli ya kuzuia maambukizi, na humfuatilia kwa karibu. Kwake, siku chache zina uzito.

Kwa aliye imara kwenye dawa, kipimo kikuu ni wingi wa virusi. Kwa kawaida hufanywa miezi sita baada ya kuanza, kisha kwa aliye imara mara moja kwa mwaka. Virusi vikishuka mpaka visionekane kwenye kipimo, na mtu akaendelea na dawa, hamwambukizi mwenza wake kwa tendo la ndoa.

Tusisahau kwamba namba ya CD4 inayumba. Malaria, kifua kikuu, ujauzito, saa ya siku uliyotolewa damu, hata tofauti ya maabara, vyote huweza kuipandisha au kuishusha. Aliyekuwa na 450 na sasa ana 400 asikate tamaa, na aliyetoka 400 hadi 450 asisherehekee mapema. Kinachotazamwa ni mwelekeo wa vipimo kadhaa.

CD4 zimepanda. Naweza kuacha dawa?

Hapana. Swali hili liliwahi kufanyiwa utafiti kwa watu 5,472 katika nchi nyingi. Baadhi yao waliacha dawa kila CD4 zilipopanda juu ya 350, wakazirudia zilipofika 250. Mwaka 2006 utafiti ukasitishwa, kwa sababu walioacha walikuwa wanaugua na kufa zaidi ya walioendelea. Hapa kwetu, mwaka 2011, watu wengi walisafiri kwenda Samunge, Loliondo, kunywa kikombe, na baadhi ya waliokuwa kwenye ARV waliziacha baada ya kurudi wakijisikia nafuu. Kujisikia nafuu si ushahidi. Ukiondoa kalafati, tundu liko pale pale.

Mambo ya kufanya

Kama hujui hali yako, pima. Tangu mwaka 2019 sheria inaruhusu mtu kujipima mwenyewe, na mwenye miaka 15 anaweza kupima bila ridhaa ya mzazi. Anayejipima na kupata majibu ya kuwa na VVU aende kituoni akathibitishiwe. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2016 na 2017 uliuonesha mkoa wa Lindi kuwa miongoni mwa mikoa yenye maambukizi machache zaidi, lakini takwimu ya mkoa haimwambii mtu mmoja mmoja hali yake. Majibu yako ni siri yako, na siri hiyo inalindwa na sheria ya UKIMWI ya mwaka 2008.

Ukikutwa na VVU, anza dawa hata kama unajiona mzima. Usiulize kwanza CD4 ni ngapi.

Ukienda dago au safari ndefu, hesabu siku utakazokaa, kisha ongeza nyingine kwa ajili ya bahari kuchafuka. Aliye imara anaweza kupewa dawa za miezi mitatu au hata sita, hivyo mweleze mhudumu ratiba yako ya uvuvi bila kuona haya. Dawa zikikuishia ukiwa mbali, nenda CTC iliyo karibu ukiwa na kadi yako.

Usisubiri asubuhi kama mwenye VVU anaumwa kichwa kikali kisichoisha, ana homa kali, anahema kwa shida, amechanganyikiwa, au hawezi kutembea bila kushikwa. Mpelekeni kituo cha tiba mara moja. Akishafika hatua hiyo, bahari inaweza kukataa kuvukika siku hiyo hiyo mnayoihitaji.

Na siku ya kliniki, uliza maswali matatu: Je, virusi vyangu vimefubaa? CD4 zangu ziko juu au chini ya 200? Kipimo changu kijacho ni lini? Mwenye majibu ya maswali hayo, na anayemeza dawa zake kila siku, anajua maji yamefika wapi ngamani na tundu limezibwa vipi.